Chakula Kilichoona Jua

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo ilikuwa siku ya kuchanganya chakula cha kuku. Mimi na jirani yangu Wanza, turubai langu la bluu, kila mtu na koleo lake. Mahindi yaliyosagwa, pumba, mashudu ya alizeti, na omena, wale dagaa wakavu. Mwisho pakiti ya vitamini kutoka duka la agroveti la Voi. Wanza aliuliza mbona ni kidogo hivyo. Nikamwambia hiyo ni kama chumvi kwenye mboga, usiione ndogo.

Kisha tukaanika mchanganyiko wote mpaka jioni, ndipo tukagawana, kama tulivyofanya tangu vifaranga wetu wafike. Wengine huanika mahindi peke yake. Mimi, tangu ile semina ya sumu ya ukungu, naanika chakula kikiwa tayari kabisa. Jua la huku Mbololo halina mchezo — ukungu utapitia wapi? Wanza alisema mimi ningekuwa daktari. Nilifurahi, kwa nini nifiche.

Anawapenda wale vifaranga wake! Ndovu walipomaliza mahindi yake, alisema kulima basi, sasa ni kufuga tu.

Jumatano, 5 Februari

Siku mbaya.

Wanza alikuja mbio asubuhi, bila viatu. Vifaranga wake wamepinda shingo. Nilikwenda. Kweli, wengine vichwa vimegeuka nyuma, wengine wameanguka chali wakipiga miguu hewani. Nilisimama mlangoni tu, sikutaka kubeba ugonjwa kwenda nao kwangu. Nikasema: kideri.

Hivyo tu. Sikumshika hata mmoja.

Wanza akasema, "Lakini si niliwachanja?" Nikamjibu labda chanjo iliharibikia njiani kwa joto. Akauliza kama tumpigie Firdaus, yule afisa wa mifugo wa Voi. Nikasema mpaka Firdaus afike, mtaa wote utakuwa umeambukizwa. Nilisema mtaa. Nilikuwa nafikiria banda langu.

Tumewaua wote, hata waliokuwa wazima. Tukachimba shimo, tukamwaga chokaa. Wanza hakulia. Alifagia banda, akafunga mlango, akaniambia asante kwa kumsaidia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimenyunyiza dawa kila kona. Wangu wako sawa, Mungu ni mwema.

Wanza ameniletea chakula chake kilichobaki. Anasema yeye hana kuku tena, kisije kikaharibika bure. Nimekipokea.

Jumamosi, 8 Februari

Wangu! Wawili asubuhi, wanne mchana. Shingo zilezile.

Nilichukua kisu. Nikamshika mmoja, mwenye rangi ya majivu, moyo wake ukidunda mkononi mwangu. Nikashindwa. Nimempigia Firdaus simu, anasema atakuja Jumatatu, nisiue yeyote kabla hajawaona.

Kwa Wanza sikungoja hata saa moja. Kwangu naweza kungoja mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 10 Februari

Firdaus amekuja. Binti mpole, "Shikamoo mama," kisha moja kwa moja bandani. Amewashika mmoja mmoja. Akatazama kinyesi, akasikiliza wanavyopumua. Akaomba kuona chakula. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, akakunja uso — mafuta ya omena yamechacha, anasema.

"Mwakianika wapi, mama?"

Nikamwonyesha turubai. Nilimwonyesha kwa maringo! Nikamweleza kwamba mimi huanika kikiwa tayari kimechanganywa. Akatazama turubai, kisha jua. Halafu akasema mahindi ndiyo ya kuanikwa, kabla ya kusagwa, na kuogopa ukungu nafanya vyema. Lakini vitamini ikishaingia, chakula kiwekwe kivulini, pahali pakavu, kwa sababu jua na joto huiua. Hasa ile vitamini E. Kifaranga akiikosa, ubongo unaharibika, na shingo inapinda.

Nikasema, "Kwa hiyo si kideri?"

"Sidhani. Hawaharishi, hawakoromi, na kuku wako wakubwa wazima. Tuwape vitamini kwenye maji. Wakipata nafuu, jibu tumelipata."

Nikamuuliza kama niweke mara mbili, wapone upesi. Akashtuka. "La, mama! Vitamini nyingine zikizidi hukaa mwilini, huharibu maini na figo. Fuata kipimo cha pakiti, na maji ubadilishe kila siku."

Akauliza kama kuna jirani mwenye shida kama hii. Nikasema hakuna mwenye vifaranga kwa sasa. Si uongo. Ni uongo.

Jumatano, 12 Februari

Watatu wamekufa. Lakini yule wa rangi ya majivu leo amesimama mwenyewe, akadonoa chakula, shingo karibu imenyooka. Na wengine nyuma yake.

Nilikaa juu ya ndoo pale bandani nikalia. Nilikuwa naomba asipone. Mtu mzima, naomba kifaranga asipone, ili niwe nilisema kweli! Wa Wanza wangepona pia. Si wote, lakini wengi. Na waliokuwa wazima, tuliowakamata wakikimbia — wale walikosa nini?

Wanza ameniita kutoka upande wake wa ua, anauliza wangu wanaendeleaje. Nikamjibu, "Hivyo hivyo." Akasema ananiombea.

Ijumaa, 14 Februari

Nimechanganya chakula kipya alfajiri, peke yangu, ndani ya stoo. Pakiti mpya ya vitamini, omena mpya ya wiki hii. Gunia liko barazani, kivulini.

Wanza amekuja sasa hivi, na koleo lake begani. Amepata mtu wa Makwasinyi wa kumuuzia vifaranga wengine. Uso umechangamka, sijamwona hivi tangu siku ile. Akasema, "Mama Cynthia, safari hii unifundishe pole pole kila kitu, nisikosee tena."

Nisikosee tena! Amejibebesha lawama yeye.

Nikamwambia akae, nakuja na chai. Niko jikoni naandika nyuma ya bahasha, nitaibandika hapa baadaye. Nataka niyaone maneno kwanza kabla hayajatoka mdomoni. Wanza, hawakuwa na kideri. Wanza, ni mimi na jua langu. Wanza, wangepona. Yote mabaya. Chai imechemka mpaka imemwagika na bado sina la kuanzia.

Nje turubai linakung'utwa.

"Mama Cynthia! Endelea tu na chai. Jua limeshatoka zuri, acha mimi nikuanikie."

Anafungua gunia.