Kisahani Kilichotikisika Chenyewe

Mwenzangu, uko wapi? Kaa chini kwanza. Mdogo wangu amenipigia sasa hivi, anacheka mpaka analia!

Unakumbuka zile seli shina za panya, zile zinazoweza kugeuka kuwa kiungo chochote, anazozilea maabarani tangu apate PhD yake? Anataka kujua moyo wa kiumbe kilicho tumboni unaanzaje. Akawasha jeni moja ili seli zigeuke kuwa moyo. Miezi saba, hamna kitu! Profesa alimwambia wazi: leo ikipita bila matokeo, mradi unafungwa.

Basi leo kainamia hadubini, akaona seli zinaruka-ruka kwenye kisahani chake. Akawaka! Akamgeukia fundi wa maabara: "Wewe, acha kutikisa meza!"

Fundi yuko mlangoni, mikono mfukoni. "Dada, mimi nimegusa nini?"

Akazima feni. Akafukuza watu wote. Akaangalia tena. Zinaruka!

Profesa akaingia kuuliza kelele za nini. Mdogo wangu akamfokea, profesa mzima: "Usiguse meza!" Mwenzangu, profesa akanyanyua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa! Kisha profesa akainama, akatazama, akamwambia:

"Mama, hakuna anayeigusa meza. Hayo ni mapigo."

Mapigo! Kipande cha moyo, kidogo kuliko punje ya mchanga, kinadunda!

Akamrukia profesa shingoni na glavu zake. Profesa anasema, "Niachie, nikaandike barua kwamba mradi unaendelea."

Tangu tumzike mama sijamsikia akicheka hivi. Nimemwambia, "Hebu nisimulie tena," naye akashindwa hata kuanza kwa kucheka.