Zizi ni Yangu Peke Yangu, Nilisaini

Jumamosi. Baridi ya Julai. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi, na mimi nimejifunika blanketi hapa mtaani Sakina kama mgonjwa. Siumwi. Nimejibana mwenyewe.

Wanaonifahamu wanajua: nimefika Nairobi, Kampala, hata Dubai nimelala siku mbili. Uwanja wa ndege, sawa, lakini Dubai ni Dubai. Shule niliishia kidato cha pili, na bado nikatengeneza Zizi, programu ya simu inayomkumbusha mfugaji siku ya chanjo na siku atakayozaa ng'ombe wake. Niliiweka wazi mtandaoni, mwenye kuitaka aichukue, mwenye akili airekebishe. Leseni yake, yaani masharti ya kuitumia, niliinakili kutoka mradi mwingine bila kuisoma. Kiingereza chake kirefu kama mahubiri ya mgeni.

Sasa kuna kampuni inataka leseni ibadilishwe, Zizi ifungwe, iwe yao. Mimi niwe mkuu wa kitengo, na kiti kinachozunguka. Wakauliza nani mwingine aliiandika.

Mimi peke yangu, mstari kwa mstari. Nikasaini.

Jana mwanasheria wao alifungua historia ya mradi, pale kompyuta inapotunza nani aliongeza nini, akakuta jina la Neema, dada mmoja aliyejitokeza mtandaoni kuirekebisha, kila mahali. Kumbe kila aliyeongeza kitu anabaki mmiliki wa alichoongeza, na leseni haibadilishwi bila ridhaa yake. Nimepewa hadi Jumatatu nilete sahihi yake.

Neema anaishi na baba yake huko juu Umeruni, kwenye migomba, ambako mtandao huja ukijisikia. Ndiyo maana aliifanya Zizi ifanye kazi bila mtandao.

Leo nimejaribu kutoa sehemu yake niandike yangu. Masaa matatu. Zizi ikagoma kufunguka. Sehemu ninayojisifia kwenye kila semina, sielewi inavyofanya kazi.

Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nikampigia Neema. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Rama, wewe nenda, hicho kiti kitakufaa. Ila kazi yangu mimi siifungi. Majirani niliwaambia ni yao."

Nikamwambia, dada, nitazama.

"Si ulisema Dubai ulijifunza kuogelea?"

Kabla sijajibu, baba yake akaomba simu. Nikamwamkia, shikamoo mzee.

"Marahaba. Ndiyo wewe kijana unayemsaidia Neema na ile programu yake?"

Nikalivuta blanketi hadi kidevuni.

"Ndiyo, mzee."

"Basi asante sana. Juzi ng'ombe wangu alikwama kuzaa, lakini simu ilishatukumbusha, daktari alikuwa zizini tayari. Ndama anasimama. Mungu akubariki."

Nilipokata simu nilichukua karatasi nikaanza kujaribu sahihi ya Neema. Nakiri. N yake ilinitoka vizuri mno, nikajiogopa. Karatasi nimeitia kwenye jiko la mkaa.

Nikikaa kimya, Jumatatu naumbuka. Nikisema kweli, naumbuka leo, na kiti atakizungusha mwingine. Kila mlango nimeufunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimewaandikia wale wa kampuni: Zizi tuliiandika wawili, sehemu ngumu ni ya Neema, hakubali kuifunga, na pale niliposaini nilidanganya. Nimebonyeza tuma haraka, kabla sijaanza kujisifu kwa kusema kweli.

Jumatatu ije tu. Itanikuta hapahapa, sina pa kukimbilia.