Jiwe la Zambarau na Kifua cha Mama Yako

Kuruman, Alhamisi

Mpwa wangu Tshenolo,

Lile jiwe la zambarau limeniponya! Mkono hautetemeki tena, naweza hata kumnyoa mbu ndevu.

Uongo. Tazama herufi zangu zinavyocheza ngoma. Miaka thelathini ya vumbi jeusi la mgodini, lililonitia tetemeko hili, haiondolewi na kijiwe nilichokitorosha ndani ya kopo la chakula.

Yule mbuzi wako wa pembe moja amezaa.

Wanunuzi wa mawe walisema jiwe hilo hufungua kifua, nawe, msomi wetu wa Gaborone, ukaniandikia: "Mjomba, hospitali ya nini? Mwekee mama jiwe kifuani." Nami mzee mzima nikatii. Wiki tatu mama yako alikohoa chini yake, huku akinicheka: "Kaka, hili linafaa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Nitolee bwana, linanielemea."

Nililitoa Jumanne, alipokwisha kukata roho. Sasa linazuia mlango.

Tunamzika Jumamosi asubuhi. Barua nampa dereva wa basi, akufikishie kesho. Baba yako alipokufa nilikunyoa nywele za msiba, ukanitukana kwa sababu wembe ulikuwa butu. Basi nawe njoo uninyoe. Nikijinyoa kwa mkono huu, nitamzika dada yangu bila masikio.

Mjomba wako,
Mokgwathi