Msalaba wa Baba na Filamu Sita

Pasua, Moshi
Jumatano, 18 Septemba 1996

Dada yangu Dominika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bomang'ombe, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Mimi sina ugonjwa wowote. Nakula, nalala, naenda dukani kuuza spea, narudi. Watu wakinipa pole nawajibu nimeshapoa, nao wananisifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza, dada. Hakuna cha kukaza. Ndani kumenyamaza tu tangu tulipofiwa na baba.

Mama hajambo. Jumapili nilipanda Kibosho nikamkuta anakata majani ya ng'ombe, amekataa katakata kusaidiwa. Aliniuliza nitarudi lini kukaa naye, maana mimi ndiye kitinda mimba na nyumba ya baba ni yangu kuitunza. Nikamjibu nitarudi kazi ikiruhusu. Kahawa imeiva upande wa mfereji na hakuna wa kuichuma. Kaka Thadeus anasema atatafuta vibarua, lakini si unamjua kaka yetu, kwake kibarua mzuri ni yule asiyekula mchana.

Huyo Thadeus ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Aliniambia kwamba Jumapili hii inayokuja, baada ya misa, atasimama mbele ya jumuiya aombe Efraimu asipewe tena kazi ya majeneza wala misalaba. Efraimu ni yule fundi seremala wa hapa Pasua, Mlutheri, mwenye kidole gumba kilichokatwa na msumeno. Nusu ya kazi zake zinatoka huko kwetu mlimani, na ana watoto watano. Thadeus anasema fundi aliyesababisha mzee mzima kama baba azikwe kwa msalaba wa vijiti hastahili kutengeneza hata kigoda. Watu wanamuunga mkono, kwa sababu vile vijiti kila mtu aliviona.

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, na nakuomba usiiache barua katikati.

Unakumbuka Ijumaa ile ya kuamkia mazishi nilirudi kulala huku Pasua, ili Jumamosi asubuhi niuchukue msalaba kwa fundi na kuuwahisha nyumbani, kwa kuwa kitinda mimba ndiye anayeutanguliza mbele ya jeneza. Saa mbili na nusu nilikuwa kwa Efraimu. Msalaba ulikuwa tayari. Rangi nyeupe imekauka kabisa, na jina la baba, Sirili, limeandikwa kwa rangi nyeusi, na chini yake siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Herufi zilinyooka vizuri. Efraimu aliufunga kwenye gunia la sukari, akanipa pole, akaniambia nikimbie kwa sababu pikapu za Kibosho hujaa mapema siku ya Jumamosi. Nikamwambia haya, naenda.

Sikuenda. Njiani kuna banda la video la mama Zita, lile la mabati lenye pazia la magunia. Ubaoni alikuwa ameandika kwa chaki kwamba leo ni za kutisha tupu, sita mfululizo, asubuhi hadi jioni. Nikaingia. Nilikaa benchi la mbele, msalaba nikauweka katikati ya miguu.

Dada, filamu zenyewe ni za ovyo, za watu waliokosa hela ya kutengenezea filamu. Kuna mlinzi wa hoteli anayechinja wageni kwa mundu, na chumba ni kilekile kimoja, wanabadilisha mapazia tu. Kuna wafu wanaotoka bwawani, na ukiangalia vizuri mmoja amesahau kuvua saa ya mkononi. Damu yao nyekundu mno, ungedhani ni juisi ya sikukuu. Vijana walipiga mayowe, wakawaonya wanaouawa kwamba muuaji yuko nyuma ya mlango. Mimi sikushtuka hata mara moja. Kichwa kilikatwa, nikatazama. Kikakatwa kingine, nikatazama. Mama Zita alinipa karanga akasema kweli nina roho ngumu.

Ilikuwa kwenye filamu ya pili. Mzee mmoja ameuawa, amelazwa sakafuni, na kamera ikamkalia muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Tumbo lake likapanda, likashuka. Banda zima likaangua kicheko, wakasema jamani, marehemu anapumua, turudishiwe hela zetu. Mimi sikucheka. Nilisogea mbele ili nione vizuri.

Siku tulipokwenda kumvisha baba chumba cha maiti, Thadeus alimvalisha soksi na mimi nikamfunga vifungo vya shati. Nilikitazama kifua kile mpaka mhudumu akaniuliza kama kuna tatizo. Hakikupanda. Sasa pale bandani waliokufa walikuwa wanapumua, karibu wote, ukiwa na subira ya kuwaangalia. Nikawa nangoja wauawe ili niwatazame vifua. Saa nane kasoro umeme ulikatika, wenzangu wakatoka nje kunyoosha miguu. Mimi nilibaki na gunia langu. Saa ninayo, dada, na mazishi nilijua ni saa nane.

Hili ndilo ninalokiri kwako. Sikupitiwa na wakati, wala sikukaa pale kwa utamu wa video. Niliamini hamtaweza kumzika bila ule msalaba. Niliamini mtaningoja, na padri atangoja, na maadamu siku ya kufa ya baba, ile iliyoandikwa msalabani, iko kwangu Pasua, yeye hatashushwa. Nilikaa pale kuwazuia. Sikujua kwamba Thadeus angekata matawi mawili ya mti wa kahawa, ayafunge kwa kamba ya mgomba, na ampe mwanawe abebe.

Nilipofika na gunia langu saa moja jioni, mlikuwa mnakula na kaburi limejaa maua. Thadeus aliponivaa nikamwambia rangi haikukauka, fundi ndiye aliyenichelewesha. Jumatatu akaniburuta hadi kwa Efraimu. Akamtukana mbele ya wateja wake, akamwita mlevi, mtu ambaye mbege hata haonji! Efraimu alinitazama mara moja tu. Kisha akasema ni kweli, rangi ilimsumbua, tumsamehe.

Jana nilimfuata nikamuuliza kwa nini alinifichia. Akasema mkewe aliniona nikiingia bandani siku ile, na kwamba mtu aliyefiwa hafunguliwi kesi siku ya tatu. Akaendelea kupiga randa. Nina aibu, dada. Ndicho kitu pekee ninachokisikia.

Ningeweza kuja hapo kwako kukwambia haya, lakini nimejaribu mdomo umekataa. Nakuomba upande Kibosho Jumamosi, umsomee Thadeus barua hii yote, mama akiwepo. Akimaliza kufoka, na atafoka, mwambie achume jani la sale pale mpakani na alipeleke kwa Efraimu kumwomba msamaha, kama wazee wetu wanavyofanya. Mimi nitakuwa pale kwa fundi tangu asubuhi, na mbele ya jumuiya nitasema mwenyewe kosa ni la nani.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Ukiniandikia, hata kama ni kwa hasira, nina ombi moja, na sina mwingine wa kumwomba. Watu wakizungumzia mazishi ya baba huwa naitikia kwa kichwa kana kwamba nilikuwepo. Nieleze wewe. Kamba za jeneza walishika akina nani? Mama alisimama upande gani? Mvua ilikuwa imeanza? Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa wangu kutupa, aliutupa nani? Andika taratibu, dada, usiruke kitu, ili na mimi nimzike.

Ni mimi mdogo wako,
Tito