Mipira ya Rejeta Imefika

Ngumbo, Jumamosi

Basi, mipira mipya ya rejeta nimeifunga leo. Niliiomba Songea tangu kabla ya masika. Imeletwa jana, Mama Agnes ameshazikwa.

Tulikuwa tunampeleka hospitali Liuli, uchungu umemshika. Gari hili la kijiji ni la enzi za Waingereza, na mlimani mpira wa juu wa rejeta ukapasuka, maji yakamwagika. Niliufunga kwa vipande vya tyubu, tukachota maji kijitoni, ukapasuka tena. Alijifungulia kando ya barabara. Mtoto yu hai. Damu ya mama haikukata.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinamia injini, nakaza vibano, mumewe akaja. Nilidhani amekuja kunigombeza, nami nilikuwa tayari. Aliokota ule mpira wa zamani, akauminya, ukameguka mkononi.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, Baba Agnes."

"Mpira tu," akasema, akauweka chini taratibu.

Afadhali angenitukana.

Kisha akaniomba nimpeleke Liuli na mtoto, kwa shangazi yake anayenyonyesha, maana uji mwembamba anautapika. Nikanawa mikono tukaondoka.

Gari lilipanda mlima bila kuchemka hata kidogo. Nilikuwa natamani lichemke, sijui kwa nini.

Tulipofika pale alipojifungulia, Baba Agnes alimfunika mtoto kwa khanga ya mama yake, na yeye mwenyewe akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Ilinibidi nitazame.