Mawe ya Juu ya Paa

Papa Nzigire,

Mihogo iko kwenye sufuria. Batoto nimebapeleka kwa jirani, Maman Uwera. Usilale ndani, ukuta wa chumba umepasuka.

Jana nilikusihi uache mawe juu ya paa, maana misumari imeoza. Ukayashusha yote, eti bakwe batatuona maskini! Leo asubuhi, umetoka tu kwenda sokoni, upepo ukabeba paa zima, mvua ikatunyeshea kitandani.

Nimeshuka bondeni kutafuta mabati katika mashamba ya batu. ~~Bakwe bakifika toka Bukavu, baambie barudi.~~ Bakwe bakifika kumposa binti yetu Nzigire, bakaribishe tu. Baone.

Karatasi hii nimeiwekea juu jiwe lako moja. Hii angalau upepo hautaibeba.

Maman Nzigire