Kamba Ilirushwa kwa Nani Kwanza

Shoga, uko wapi? Huku kwa yule mama jirani anayezalisha vifaranga vya samaki kumechafuka.

Unajua bwawa la dada linavyovuja, na shemeji kutwa anamsifia jirani: bwawa lake amelitandika plastiki nzito, maji hayapungui, vifaranga hawafi. Dada akachoka kusikia. Leo akaja kujionea mwenyewe.

Akainama ukingoni, akasema, "Kumbe ni turubai tu." Hajamaliza, akatumbukia. Plastiki ile ikishika utando wa kijani inateleza kama sabuni. Jirani akaingia kumtoa, naye akakwama. Kila wakijaribu kupanda wanarudi chini.

Shemeji akaja mbio na kamba. Akamrushia jirani. Jirani, shoga. Na mkewe yuko palepale.

"Shika wewe kwanza, utapata baridi."

Utapata baridi. Dada alisikia, mimi nilisikia, hata vifaranga walisikia.

Kamba ilipomfikia dada, hakuigusa. Akasema taratibu, "Fungueni maji yatoke. Nitatoka mwenyewe."

Ninavyokuandikia bado amesimama mle, maji kiunoni. Shemeji amepiga magoti ukingoni, anabembeleza. Jirani amejifunga taulo, hajui aangalie wapi.